Gundi ya Kome na Rangi Isiyotaka Kuguswa

Pitisha kidole mara moja tu.

Kwenye kipande cha kioo pana utando mwembamba wa chembe za silika. Kila chembe ina kipenyo cha nanomita 250, na zimepangika kama rundo la gololi, tabaka juu ya tabaka, labda 20 hivi. Ukiutazama uso kwa uso unang'aa kijani. Ukiulaza kidogo, kijani kinakimbilia kwenye buluu. Ndani yake hamna rangi ya kupaka hata kidogo. Kidole kikishapita, panabaki mfereji wa kioo kitupu, na kwenye ncha ya kidole kuna unga. Unga mweupe pe, kama chokaa.

Kijani hakikuhamia kidoleni. Kilikuwa mpangilio wa chembe, na mpangilio umevurugika.

Unga huo umenisumbua kwa wiki kadhaa. Si jambo geni. Kila anayeshughulika na opali za maabara, yaani tando za chembe zilizopangika namna hii, anaujua. Kinachosumbua ni kwamba dawa yake tunayo tangu 2007: gundi iliyoigwa kwa kome, yule mnyama wa baharini mwenye magamba mawili, inayokaa juu ya karibu kila kitu, Teflon ikiwemo. Kwa gundi ya namna hiyo, tatizo lilipaswa kwisha zamani. Lakini tando nyingi zilizochovywa humo bado zinafutika, na zile zisizofutika, nyingi zimefifia hata hujui zilikuwa za rangi gani.

Gundi inashika kila kitu. Mbona haishiki hiki?

## Rangi inakaa kwenye hewa

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mtu ataendelea kuilaumu gundi bure.

Chembe zikipangika kwa kubanana kabisa, zinajaza asilimia 74 ya nafasi. Asilimia 26 iliyobaki ni hewa. Umbali kati ya tabaka na tabaka ni kipenyo cha chembe mara 0.816, kwa chembe za nanomita 250 hiyo ni nanomita 204. Kipimo cha upindaji wa mwanga cha silika ni 1.45, cha hewa ni 1. Ukichanganya miraba ya vipimo hivyo kwa mafungu ya ujazo, kisha ukatoa kipeo cha pili, unapata wastani wa 1.348. Mwanga unaorudishwa uso kwa uso una urefu wa wimbi sawa na mara mbili ya umbali wa tabaka, mara wastani huo: nanomita 550. Kijani.

Sasa paka kila chembe, ikiwa tayari imepangika, ganda la gundi la nanomita 5 tu. Gundi hii ina kipimo cha karibu 1.7. Ganda hilo, dogo kama linavyosikika, linameza takriban asilimia 8 ya ujazo wote, yaani karibu theluthi moja ya hewa yote uliyokuwa nayo. Wastani unapanda hadi 1.404, na rangi inahamia nanomita 573.

Kijani kimekuwa manjano, na bado hujamaliza hata saa mbili za kuchovya.

Kuhama kwa rangi si msiba. Unaweza kuitangulia: anza na chembe za nanomita 240, ganda la nanomita 5 litakurudisha karibu kabisa na 550. Shida kubwa iko kwingine. Nguvu ya rangi hutokana na tofauti kati ya chembe na kilicho katikati ya chembe. Kadiri pengo linavyojazwa, tofauti inapungua, na kilele cha mwanga unaorudi kinashuka. Gundi inayolinda rangi inaila rangi yenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali langu la kwanza lilikuwa limekaa vibaya. Kuuliza "gundi kiasi gani inatosha kushika" ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni gundi ikae wapi.

## Kome, kwa ufupi

Wengi mnajua habari hii, kwa hiyo nitapita haraka. Kome hujishikiza kwenye mwamba kwa nyuzi, na kila uzi unaishia kwenye kisahani kidogo cha gundi. Mwaka 1981 Herbert Waite na mwenzake Marvin Tanzer walionyesha kwamba protini za gundi hiyo zina Dopa, asidi amino yenye pete ya katekoli: pete ya kaboni sita yenye vikundi viwili vya hidroksili vilivyokaa jirani. Katika protini moja iliyo karibu kabisa na mwamba, Dopa inakaribia asilimia 30 ya asidi amino zote. Pembeni yake kuna lisini nyingi, asidi amino nyingine, ambazo chaji zao chanya husaidia kuondoa ayoni za chumvi zilizong'ang'ania mwamba ili katekoli ipate pa kushika.

Mwaka 2007 kundi la Phillip Messersmith, wakati huo katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilichukua molekuli moja ndogo iliyobeba katekoli na amini (kikundi chenye nitrojeni) kwa pamoja, dopamini, likaiyeyusha kwenye maji ya pH 8.5, miligramu 2 kwa kila mililita, likatumbukiza vitu humo. Kwa saa 24 kila kitu kilivaa utando wa kahawia wa hadi nanomita 50. Utando huo ndio polidopamini.

Maelekezo yenyewe ni mafupi mno, na nadhani ufupi huo umetuponza. Kitu kinachoandikika kwa mistari mitatu hufuatwa kama kilivyo, saa 24 kwa sababu imeandikwa saa 24, hata pale ambapo saa 24 ni maangamizi.

## Koo la nanomita 39

Kwa nini maangamizi?

Chukua chembe tatu zilizogusana. Katikati yake kuna tundu la pembe tatu. Kila kitu kinachoingia ndani ya opali, maji, dopamini, oksijeni, kinapitia matundu ya namna hiyo. Duara kubwa kabisa linaloweza kupita hapo lina kipenyo cha asilimia 15.5 ya kipenyo cha chembe. Kwa chembe za nanomita 250, koo ni nanomita 39 hivi.

Ganda linakua kutoka pande zote. Likifika nanomita 19, koo limeziba.

Kinachotokea kabla ya hapo ni kibaya zaidi. Ganda la nanomita 10 linaacha koo la nanomita 19, na kwenye bika, chombo cha maabara cha kuchovyea, baada ya saa moja au mbili, mchanganyiko umeanza kuzaa vidonge vya polidopamini vyenye ukubwa wa makumi hadi mamia ya nanomita. Vidonge hivyo haviingii. Vinakaa juu, vinaziba makoo ya tabaka la kwanza, na kuanzia hapo tabaka za chini hazipati chakula. Juu panazidi kunenepa, chini panabaki vilevile palivyokuwa.

Ukikata sampuli ya namna hiyo na kuitazama kwa hadubini ya elektroni kutoka ubavuni, unaona picha inayoeleza kila kitu: tabaka mbili tatu za juu zimeshikana kama tofali moja, na chini yake chembe tupu, kila moja kivyake. Ukisugua, juu hapachubuki. Panabanduka pamoja, kipande kizima, kama gamba. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba hapa ni tabaka zile ambazo gundi haikuzifikia.

Basi mtu anasema gundi haikushika. Ilishika sana, ila mahali pasipohitajika.

Mahali panapohitajika ni padogo: shingo. Kila chembe ndani ya opali inagusana na chembe 12 nyingine, na kila mguso ni kama nukta. Ganda jembamba linapozunguka chembe mbili zilizogusana, hukutana kwenye ule upenyo mwembamba unaozunguka nukta ya mguso na kuwa pete. Pete ya nanomita 5 tayari imegeuza nukta kuwa kiungo chenye eneo. Unene unaozidi hapo unaongeza uimara kidogo na kuondoa hewa nyingi.

Kwa hiyo kwa chembe za ukubwa huu ninalenga nanomita 4 hadi 6. Nanomita 10 ni mpaka wa uvumilivu.

## Kwenye bika

Kuna kosa linalotangulia yote: kutumbukiza opali kavu moja kwa moja kwenye maji. Hewa inanaswa ndani, maji yanavuta chembe kwa nguvu za kapilari (mvuto wa kimiminika kwenye nafasi nyembamba), na utando mzima unaweza kunyanyuka ukaelea kama ngozi ya maziwa. Uipe nguvu kidogo kwanza. Opali ya silika juu ya kioo inavumilia nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa moja au mbili. Inakausha maji yaliyojificha kwenye migusano. Ya polistirini, aina ya plastiki, haivumilii hivyo, maana polistirini huanza kulegea karibu na nyuzi 100, kwa hiyo ishia nyuzi 80. Kisha iloweshe kwa ethanoli polepole, upande mmoja ukitangulia ili hewa itoke upande wa pili, halafu badilisha ethanoli kwa bafa, maji yanayoishikilia pH isiyumbe, kidogo kidogo bila kuiacha ikauke katikati.

(Mtu atauliza: silika ikichomwa kwa nyuzi 900 chembe zinaungana zenyewe, gundi ya nini? Ni kweli kabisa. Ukiwa na kwarzi chini yake, choma, uachane na haya yote. Lakini kioo cha kawaida kinalainika mbali kabla ya hapo, na plastiki usiitaje.)

Kwa mililita 100: miligramu 121 za Tris, kemikali ya kutengenezea bafa, kwenye maji yaliyoondolewa ayoni, rekebisha pH hadi 8.5 kwa asidi ya hidrokloriki, basi. Hiyo ni milimola 10 kwa lita. Pima pH kwenye joto lile lile utakalofanyia kazi. pH ya Tris inashuka kwa karibu 0.028 kwa kila nyuzi moja inayopanda; bafa iliyorekebishwa kwenye chumba chenye nyuzi 20 ikatumika kwenye nyuzi 30 imekuwa kitu kingine, na kasi ya kukua kwa ganda inafuata pH.

Dopamini hidrokloridi, miligramu 200, iingie mwisho kabisa, wakati sampuli imeshalowa na iko tayari. Saa inaanza hapo. Maji yatakuwa maangavu, baada ya dakika chache yataingia wekundu wa chungwa, kisha kahawia, kisha meusi. Vaa glavu, madoa yake kwenye ngozi hayaondoki kwa sabuni, na dopamini ni dawa inayofanya kazi mwilini, si unga wa kuchezea.

Sampuli isimame wima, au itazame chini. Ikilala chali, kila kidonge kinachozaliwa ndani ya bika kitatua juu yake.

Bika liwe wazi na pana, na maji yakorogwe taratibu. Mchakato huu unakula oksijeni. Ukifunika bika, au likiwa jembamba na limejaa hadi mdomoni, juu patafanya kazi na chini patalala, na utaona mkanda wa rangi tofauti ukipita sampuli kwa ulalo.

Badala ya bafu moja la saa mbili, tumia mabafu matatu ya dakika 30, kila mara mchanganyiko mpya. Katika nusu saa ya kwanza vidonge vikubwa bado ni vichache, na ndicho kipindi ambacho kilichomo majini bado ni kidogo kiasi cha kupita kooni. Suuza kwa bafa kati ya bafu na bafu. Hii ndiyo hatua ninayoona wengi wanairuka, na ndiyo inayobadilisha ile picha ya ubavuni kuliko nyingine yoyote.

Unene usiukadirie kwa saa. Weka kando ya sampuli kisahani cha silikoni, kiwe shahidi: kimepitia kila bafu, kimesuuzwa kila suuzo, na mwisho kinapimwa kwa elipsomita, chombo kinachopima unene wa utando kwa mwanga. Shahidi huyu ana kasoro moja, uso wake uko wazi ilhali opali ni msitu. Ndani ya opali ganda litakuwa jembamba kidogo kuliko anavyosema. Kwa hiyo linganisha na rangi yenyewe. Kama kilele kilianza 550 na sasa, sampuli ikiwa kavu, kiko 570, una nanomita 4 au 5, bila kukata chochote.

Mwishoni suuza kwa maji mara tatu, halafu kwa ethanoli, ndipo ukaushe. Mvutano wa uso wa maji ni milinyutoni 72 kwa mita, wa ethanoli 22. Tofauti hiyo ni nguvu inayotoka mabegani mwa chembe zako wakati kimiminika kinaondoka. Kama unachopaka ni nguzo ndefu nyembamba badala ya chembe, hata ethanoli haitoshi, zitaegemeana vichwa kama walevi. Hapo ni kukausha kwa kaboni dioksidi juu ya nyuzi 31.1 na shinikizo la bari 73.8, ambako hakuna uso wa kimiminika wa kuvuta kitu.

## Kushika si kujishika

Haya yote nikayakubali, na bado unga ulibaki. Kidogo zaidi, lakini upo. Sampuli yenye ganda la nanomita 5, sawasawa toka juu hadi chini, inasuguliwa kwa kitambaa na kitambaa kinatoka na kivuli cha kijivu.

Hapa ndipo mashaka yangu yalipokaa muda mrefu zaidi.

Kiswahili kinatusaidia kuliko kamusi za ufundi. Kitu kinaweza kushika, na kitu kinaweza kujishika. Polidopamini inashika silika vizuri. Haijishiki vizuri. Ndani yake si mnyororo mrefu kama plastiki; kwa sehemu kubwa ni vipande vidogo vilivyolundikana, vingine vimefungana kwa kemia, vingine vimegandana tu, na wanakemia bado wanabishana uwiano wake ukoje. Pete ile ya shingoni ikivutwa, haibanduki kwenye chembe. Inapasuka katikati.

Nikamrudia kome.

Tunachosahau ni kwamba kome hamwagi Dopa kwenye maji ya bahari yenye pH ya karibu 8 akasubiri. Anakandamiza mguu wake juu ya mwamba, anaziba maji, anatoa protini kwenye mazingira ya asidi ambamo Dopa haioksidiki, yaani haishambuliwi na oksijeni, upesi. Ana hata protini nyingine yenye thioli (kikundi cha salfa na hidrojeni) nyingi ambayo kazi yake ni kuirudisha Dopa iliyoanza kuoksidika. Sababu ni moja: Dopa isiyooksidika ndiyo inayoshika mwamba, na iliyooksidika ndiyo inayofungana na wenzake, yaani inayojishika. Kome anaweka ya kwanza mpakani na ya pili ndani. Na nje ya uzi wake anavaa ngozi ngumu ambamo Dopa imefungwa kwa ayoni za chuma, katekoli hadi tatu kwa ayoni moja.

Sisi kwenye bika tunaoksidisha kila kitu mahali pamoja, wakati mmoja, halafu tunajiita waigaji. Tumemwiga kome nusu, na ile nusu rahisi.

Kuna njia mbili za kufidia, zote baada ya kuchovya.

Ya kwanza ni joto. Kundi hilo hilo la Messersmith lilionyesha mwaka 2019 kwamba kupasha polidopamini nyuzi 130 kunaongeza ugumu wake na uwezo wa kustahimili mikwaruzo. Vile vipande vidogo vinafungana zaidi. Kwa opali ya silika juu ya kioo hii ni hatua ya bure, na sioni sababu ya mtu kuiruka. Pandisha polepole, nyuzi mbili kwa dakika, maana ganda linapoteza maji na kusinyaa kidogo. Ukipandisha kwa pupa utaona nyufa nywele. Kwa polistirini njia hii imefungwa, kwa sababu tuliyoisema. Wanaotumia polistirini kwa mazoea wajiulize kama bado ina faida kwao.

Ya pili ni chuma. Loweka sampuli kwenye kloridi ya chuma iliyo nyembamba, sehemu ya milimola kwa lita, dakika chache, kisha isuuze kwa bafa ya pH 8 au zaidi. Katika asidi ayoni moja ya chuma hushika katekoli moja. Katika pH inayopanda hushika mbili, kisha tatu, na hapo ndipo ufungaji unapokuwa wa maana. Ukiishia kwenye asidi umeongeza weusi bila kuongeza nguvu. Ukizidisha chuma, ayoni zitakuwa nyingi kuliko katekoli na kila moja itatosheka na ya kwake, wingi unaharibu. Na ukipandisha pH chuma kingi kikiwa bado majini, kitaganda kuwa kutu laini juu ya sampuli yako.

Kati ya hizi mbili, joto kwanza. Chuma ni kwa yule asiyeweza kupasha.

## Vipimo vinavyodanganya

Karibu kila anayetangaza utando imara anaonyesha kipimo cha selotepu: bandika, bandua, tazama. Kwa rangi ya ukutani ni kipimo kizuri. Kwa opali kinadanganya pande zote mbili.

Kinadanganya kwa kupitisha kisichofaa, kwa sababu selotepu inagusa vilele vya tabaka la juu peke yake, na kuvuta kwake ni kwa wima. Kidole hakivuti wima. Kidole kinasukuma ubavuni, na shingo zinavunjika kirahisi zaidi zikipindwa ubavuni. Sampuli inaweza kupita selotepu mara kumi ikafutika kwa kitambaa mara moja.

Kinadanganya pia kwa kuangusha kinachofaa. Selotepu laini ikikandamizwa inaacha gundi yake ndani ya matundu. Hewa imejazwa, rangi imetoweka, na mtu anaandika kwamba utando umebanduka. Ioshe kwa kiyeyushi kinachoondoa gundi ya selotepu bila kugusa chembe, ikauke, ndipo uhukumu. Mara nyingine kijani kinarudi kizima.

Ninachopendekeza ni kusugua, kwa kitambaa kile kile, uzito ule ule (gramu 200 juu ya eneo la sentimita moja ya mraba ni mwanzo mzuri), na kusoma spektra, yaani kiasi cha mwanga unaorudi kwa kila urefu wa wimbi, kabla na baada ya kila mizunguko 10. Spektra inakuambia kilichovunjika:

Kilele kikishuka bila kuhama, tabaka za juu zinaondoka, zilizobaki ni nzima.

Kilele kikihama kuelekea wekundu, kuna kitu kimeingia matunduni: maji, mafuta ya kidole, gundi.

Kilele kikibaki palepale lakini mwanga wa chini yake, ule wa rangi zote, ukipanda, uso umekwaruzwa na unatawanya mwanga. Macho yataona weupe weupe.

Kilele kikipanuka, mpangilio wenyewe unalegea. Hii ndiyo ya kuogopa, maana kwa macho bado inaonekana nzuri.

Jambo moja la pembeni: nyufa. Opali ikikauka hupasuka kuwa visiwa vya makumi ya mikromita, na gundi inayokuja baadaye haizibi nyufa hizo. Inashikilia kila kisiwa kwenye kioo, hilo inalifanya vizuri. Lakini kusugua huanzia kwenye kingo za visiwa, na sampuli yenye nyufa nyingi itashindwa hata kama shingo zake zote ni imara. Kabla ya kulaumu kemia, hesabu nyufa.

## Weusi

Nimekuwa nikiusema weusi wa polidopamini kama dhambi. Kwa opali, si dhambi.

Chembe nyeupe zinatawanya mwanga wa kila rangi, na mtawanyo huo unaifunika rangi ya mpangilio kwa ukungu. Ndiyo maana opali nyingi zinaonekana za maziwa hadi uziweke juu ya karatasi nyeusi. Polidopamini inanyonya mwanga huo wa ovyo. Mwaka 2015 makundi mawili, moja la Japani na moja la Marekani, yalitengeneza rangi kutokana na chembe za polidopamini zenyewe, kwa kuiga melanini iliyo kwenye manyoya ya ndege. Kwa hiyo ganda la nanomita 5 linashusha kilele kidogo na kushusha ukungu zaidi, na jicho linaona rangi iliyokolea kuliko mwanzo. Nambari za spektra zinasema umepoteza. Jicho linasema umepata. Wote wawili wana haki.

Dhambi inaanza unapohamia kwenye miundo inayotakiwa kupitisha mwanga. Uso wa kioo hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, na tangu Clapham na Hutley walipoonyesha mwaka 1973 kwamba vinundu vidogo kama vya jicho la nondo vinaweza kuufuta urudishaji huo, watu wamekuwa wakitafuta namna ya kuvifanya visivunjike kwa kitambaa cha kufutia lenzi. Polidopamini hapo ni mgeni mbaya: inanyonya, na inanyonya buluu kuliko nyekundu, kwa hiyo lenzi inaingia umanjano. Afadhali polifenoli za mimea, asidi ya taniki au pirogaloli. Mwaka 2013 maabara ya Messersmith ilionyesha kwamba zinaweka utando usio na rangi, kwenye maji ya bafa yenye chumvi. Tando za asidi ya taniki na chuma zilizotoka Chuo Kikuu cha Melbourne mwaka huo huo ni za haraka zaidi, nanomita 10 hivi kwa kuchanganya mara moja, lakini chuma kinakurudishia uzambarau hafifu. Kwa lenzi moja huuoni. Kwa lenzi sita zilizofuatana, utauona.

## Tone

Limebaki jambo ambalo husahaulika hadi siku sampuli inapotoka maabara.

Polidopamini inapenda maji. Opali iliyopakwa hunyonya tone papo hapo, na maji, yenye kipimo cha 1.33, yakichukua nafasi ya hewa, kilele kinahama tena kuelekea wekundu na kufifia vibaya. Kila ukungu, kila pumzi, unaifuta rangi kwa muda. Na kila kukauka kunazirudisha zile nguvu za kapilari shingoni, mara mia, mara elfu. Utando ulioshinda kitambaa unaweza kushindwa na umande.

Hapa gundi inakulipa fadhila, maana uso wake unakubali thioli na amini. Baada ya kupasha, zamisha sampuli usiku kucha kwenye ethanoli yenye dodekanithioli, thioli yenye mnyororo mrefu wa kaboni, milimola 5 kwa lita, ukiwa umeongeza tone la bafa ya Tris ili pH isiwe ya asidi, suuza kwa ethanoli safi mara mbili, kausha. Minyororo ya kaboni inasimama nje, unene wake ni kama nanomita moja na nusu, na koo, hata baada ya ganda kulipunguza hadi nanomita 29 hivi, haliuhisi.

Kisha weka tone la maji juu yake. Likikaa mviringo na kijani chini yake hakibadiliki, liinamishe litiririke. Likitawanyika taratibu na kuacha duara la manjano, kuna sehemu ambazo thioli haikufika, na mara nyingi ni zile zile ambazo vidonge viliziba makoo mwanzoni. Sampuli hiyo usiipeleke kwenye kitambaa. Ikate, uitazame ubavuni.